Bodi ya shule ikidai "nguvu na udhaifu" wa mageuzi: dakika tatu za kupinga zitumikeje?

Mzazi_Mezani:
Wakuu habari. Nawauliza wanaojua sheria na biolojia kwenye shule za umma za Marekani. Bodi ya shule inaweka kwenye ajenda pendekezo kwamba walimu "wafundishe nguvu na udhaifu wa nadharia ya mageuzi ya viumbe". Mungu hatajwi, Biblia haitajwi. Anayepinga anapewa dakika tatu za kuongea. Azitumie vipi? Amwage ushahidi wa visukuku au ashike sheria? Na lile la "hiyo ni nadharia tu" linajibiwaje bila kikao kugeuka ugomvi wa dini? Wengi ukumbini ni waumini, kwa hiyo kejeli haifai.

Wakili_wa_Zamu:
Mkuu, Mungu hatajwi kwa sababu katiba ya Marekani hairuhusu shule ya umma kupigia debe dini, na hoja hii imeshafika mahakamani mara nyingi, na kila ikishindwa hurudi imebadili nguo.

Nguo ya kwanza ilikuwa marufuku ya wazi. Tennessee, 1925, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuzi. Watu hudhani kesi ile iliua sheria. Haikuua. Mwaka 1927 hukumu ilitenguliwa kwa kasoro ya utaratibu tu: faini inayozidi dola 50 ilipaswa kupangwa na wazee wa baraza, na hapo jaji ndiye aliyeipanga. Sheria yenyewe ilikaa hadi 1967. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Epperson, Mahakama ya Juu ilifuta marufuku kama hiyo ya Arkansas.

Nguo ya pili ikaja mwaka 1981: "mizani". Ukifundisha mageuzi, fundisha pia "sayansi ya uumbaji". Sheria ya Arkansas ya aina hiyo ilianguka tarehe 5 Januari 1982, ya Louisiana ikaanguka Mahakama ya Juu mwaka 1987, kesi ya Edwards dhidi ya Aguillard, majaji saba kwa wawili. Ya tatu ni "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe lazima vilibuniwa na msanifu mwenye akili, iliyovuliwa mahakamani Dover, Pennsylvania, tarehe 20 Desemba 2005. Hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Rasimu za kitabu walichopendekeziwa wanafunzi zililetwa mahakamani, ikaonekana kwamba baada ya hukumu ya 1987 neno la "watetezi wa uumbaji" lilibadilishwa kuwa "watetezi wa usanifu", na mahali pamoja mhariri alikata vibaya, neno jipya likabaki limekwama katikati ya lile la zamani.

"Nguvu na udhaifu" ni nguo ya nne. Louisiana wana sheria ya mtindo huo tangu 2008, Tennessee tangu 2012. Hizo humruhusu mwalimu, hazimlazimishi, ndiyo maana ni ngumu kuzishtaki: mpaka mwalimu fulani afanye kitu fulani darasani, huna cha kupeleka kwa jaji.

Kwa hiyo soma pendekezo neno kwa neno. Linasema "watafundisha" au "wanaweza kufundisha"? Linataja mageuzi peke yake au sayansi yote? Nani ameliandika, na maneno hayo yametoka wapi? Kisha, kabla ya siku ya kura, omba kwa sheria ya kumbukumbu za umma mihutasari ya vikao vya mwaka mzima na barua pepe za wajumbe zinazohusu pendekezo. Kilichoizamisha Dover hasa si visukuku. Ni kauli za wajumbe wenyewe kwenye vikao, pamoja na nakala 60 za kitabu zilizosemwa zimetoka kwa mfadhili asiyejulikana, kumbe fedha zilichangwa kanisani kupitia mjumbe wa bodi.

Tahadhari mbili. Usisimame ukasema "Dover ilikataza nchi nzima". Ile ni hukumu ya mahakama ya shirikisho ya ngazi ya kwanza, haikukatiwa rufaa, na haifungi mahakama za kwingine. Inayofunga nchi nzima ni Epperson na Edwards. Pia usinukuu kile kipimo cha vipengele vitatu cha kujua kama serikali imependelea dini, kilichotokana na kesi ya Lemon ya 1971. Mahakama ya Juu ilikiacha mwaka 2022 katika kesi ya Kennedy, na mwanasheria wa bodi atafurahi sana ukikitegemea. Epperson na Edwards hazijatenguliwa.

Bi_Darubini:
Naongezea upande wa sayansi, maana hapo ndipo watu wengi humaliza dakika zao vibaya.

Neno "nadharia" linatuponza mara mbili. Kwa Kiswahili tumezoea kuliweka dhidi ya vitendo, kama vile nadharia ni maneno matupu. Kwa Kiingereza cha mtaani ni kubahatisha. Katika sayansi ni maelezo mapana yaliyobeba ushahidi mwingi na yanayoweza kutabiri kitu kabla hakijaonekana. Wazo linalosubiri kupimwa huitwa nadharia tete. Nadharia haipandi cheo ikawa "sheria". Vijidudu kusababisha magonjwa ni nadharia, atomu ni nadharia. Sentensi mbili zinatosha, kisha endelea.

Swali lenye nguvu kuliko yote ukumbini ni hili: kwa nini mageuzi peke yake? Kila nadharia ina maswali yaliyo wazi. Wanafizikia hawajaunganisha mvutano na fizikia ya chembe ndogo, na hakuna anayeomba udhaifu wa mvutano ufundishwe kidato cha kwanza. Halafu mwombe mjumbe ataje udhaifu mmoja, jina lake, na ni kiwango kipi cha mtaala wa jimbo kinachouhitaji. Mara nyingi kinachotajwa ni hoja ya zamani ya uumbaji. Mfano ni ile kwamba kanuni ya pili ya thamodinamiki (kwamba mpangilio huelekea kuvurugika) inakataza mageuzi: kanuni hiyo, kwa namna inavyotajwa pale, inahusu mfumo uliojifunga, usiopokea nishati kutoka nje, na dunia inapokea nishati ya jua kila sekunde. Mbegu kuwa mti nayo ingekatazwa.

Ushahidi uwe mmoja, au miwili ukizidi. Mimi ningechukua unaoonyesha utabiri. Watafiti waliotafuta kiungo kati ya samaki na wanyama wa miguu minne hawakuchimba ovyo. Walijua samaki wa aina ile walikuwepo kabla na wanyama wa miguu walikuja baadaye, wakachagua miamba ya takriban miaka milioni 375 iliyotokana na mito, kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada. Mwaka 2004 wakampata Tiktaalik: ana magamba na mapezi kama samaki, lakini ana shingo, kichwa bapa, na ndani ya pezi mifupa iliyopangika kama kifundo cha mkono.

Wa pili ni kromosomu, zile nyuzi za DNA ndani ya seli. Sisi tuna jozi 23, sokwe, gorila na orangutani wana 24. Kama tuna mhenga mmoja, jozi moja haikupotea hivi hivi. Mbili lazima ziliungana. Basi katikati ya kromosomu moja yetu patafutwe mfuatano ambao kawaida huwa kwenye ncha tu, na kitovu cha pili (sentromia, ambayo kwa kawaida kila kromosomu huwa na moja) kilichokufa. Vyote viwili vipo kwenye kromosomu namba 2.

Yanayoharibu: kusema "imethibitishwa asilimia mia" (sayansi haisemi hivyo, na mpinzani anajua), kuchanganya mageuzi na chanzo cha uhai, ambalo ni swali jingine, kuonyesha ile michoro ya viinitete ya mwanabiolojia Haeckel ya karne ya 19, ambayo haikuwa sahihi na imeshapigwa sana. Na tafadhali, "binadamu alitokana na nyani" tuiache. Nyani yuko mbali zaidi. Jamaa zetu wa karibu ni sokwe na bonobo, na hata wao si wahenga wetu. Mhenga wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita.

Chaki_na_Maabara:
Yote sawa, ila kuna madhara ambayo hayaonekani kwenye kesi. Utafiti wa 2007 uliohoji walimu 926 wa biolojia wa sekondari za umma Marekani ulikuta asilimia 28 tu walifundisha mageuzi kwa uwazi na mfululizo. Asilimia 13 walitetea uumbaji waziwazi. Waliobaki, wengi kuliko wote, waliipitia mada haraka au kuirusha ili wasigombane na mtu. Pendekezo la bodi hata lisipopita huongeza kundi hilo la katikati. Ningelitaja kwenye dakika tatu: mwalimu anahitaji bodi imwambie afundishe mada kamili kama viwango vinavyosema.

Na kwa darasa, zoezi linalomaliza ubishi mwingi ni la vipande vya karatasi juu ya kitambaa chenye maua ya rangi nyingi. Vipande 100 vya duara, rangi 10, kila rangi vipande 10. Wanafunzi wanne ni "wawindaji": kila mmoja anageuka, anachukua kipande cha kwanza anachokiona, anageuka tena. Vikishaondolewa 75, waliobaki 25 kila kimoja kinazaa watatu wa rangi ileile, idadi inarudi 100. Rudia vizazi vitatu, andika hesabu ya kila rangi.

Hukosewa hivi. Kitambaa cha rangi moja hutoa jibu kabla ya mchezo. Mwindaji asipogeuka huanza kupapasa na kuchota vya karibu, na matokeo hayana maana. Kosa kubwa ni kuishia hapo: mwanafunzi huondoka akidhani vipande "vilijibadilisha" ili vijifiche. Muulize kuna kipande gani kilichobadilika rangi. Hakuna. Kilichobadilika ni uwiano wa rangi kwenye kundi. Kisha badili kitambaa, uone rangi zilizokuwa zinashinda zikiliwa.

Zoezi hilo halionyeshi ukoo wa pamoja. Kwa hilo tumia protini ya sitokromu c, yenye amino asidi 104 (vipande vinavyounda protini): binadamu na sokwe hazitofautiani hata moja, binadamu na tumbili wa rhesus inatofautiana moja, na tofauti huongezeka kadiri kiumbe anavyokuwa mbali.

Mzazi_Mezani:
Shukrani wakuu. Mawili yamebaki. Mwanafunzi akimuuliza mwalimu "kwa hiyo Mungu hayupo?", na mwalimu anayetaka mwenyewe kufundisha uumbaji akidai uhuru wake?

Chaki_na_Maabara:
La kwanza: "Somo hili linauliza mambo yanayoweza kupimwa. Hilo halipimiki hapa, kaulize nyumbani au kwa kiongozi wako wa dini." Mwalimu asitetee dini na asiiponde. Mtihani unauliza kama mwanafunzi ameelewa, hauulizi anaamini nini. Mtoto akijua hivyo hupumua. Kanisa Katoliki halina ugomvi na mageuzi, Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba ni zaidi ya dhanio, lakini hilo liseme ukumbini kwa wazazi, usilisemee darasani.

Wakili_wa_Zamu:
La pili limeshajibiwa na mahakama za rufaa: kesi ya Webster, 1990, na ya Peloza, 1994. Darasani mwalimu anasema kwa niaba ya shule, na wilaya ya shule inaweza kumtaka afuate mtaala. Dover mambo yalikwenda kinyume chake: walimu wa sayansi walikataa kuwasomea wanafunzi tamko la bodi kuhusu usanifu wenye akili, ikabidi viongozi wa wilaya ya shule waingie kulisoma wenyewe.

Sasa hizo dakika tatu. Ni kama maneno 350 ya Kiingereza kwa mwendo wa kawaida, andika 320. Nusu iwe viwango vya jimbo na lile swali la "kwa nini mageuzi peke yake", robo iwe mfano mmoja wa Bi Darubini, robo iwe fedha. Fedha huwagusa hata wasiojali biolojia. Dover ilitetewa na mawakili waliojitolea bure, lakini sheria ya shirikisho inamruhusu jaji kuitwisha wilaya iliyoshindwa gharama za mawakili wa upande wa pili, na wilaya ikaishia kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 1. Uliza: mwanasheria wa bodi ametoa maoni ya maandishi? Bima ya wilaya inalipia kesi ya katiba?

Ukimaliza, mpe katibu nakala ya hotuba yako na uombe iambatishwe kwenye mihutasari. Kesi ikija miaka miwili baadaye, karatasi hiyo ndiyo itaonyesha kwamba bodi ilionywa kabla ya kupiga kura.