Palm ya ami: majina na kalenda naviingizaje kwenye kompyuta?

kijana_mkunazini: Asalaam aleikum wakuu. Ami yangu ana Palm Tungsten E, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ya tangu enzi zile, humo mna nambari za wageni wake wote wa Jambiani, miadi ya boti, mpaka madeni, na mwenyewe hataki kusikia habari ya simu mpaka vyote vitoke salama. Nimeweka Palm Desktop, programu yake ya kompyuta, kwenye kompyuta ya nyumbani, Windows 10 ya biti 64, nikichomeka waya wa USB nikagusa HotSync, ile ya kuhamisha vitu baina ya Palm na kompyuta, inazunguka weee halafu inasema haijaiona kompyuta. Waya nimeshabadilisha. Tatizo nini?

fundi_chake: Waalaikum salaam. Waya hauna kosa sheikh. Draiva ya USB ya Palm, yaani programu inayoifanya kompyuta iitambue, ni ya Windows za biti 32, hiyo yako haiikubali. Wenye Palm za Tungsten E2 au TX hupitia Bluetooth, lakini E ya ami haina. Tafuta laptopu kuukuu ya Windows XP ya biti 32, kwa mafundi wa Darajani hukosi. Na kama kwenye Palm Desktop ya hiyo laptopu mna majina ya zamani, kabla ya kusinki ingia HotSync Manager, Custom, uchague Handheld overwrites Desktop, yaani ya Palm yafute ya kompyuta, la sivyo yatachanganyika na mapya halafu ukae unachambua kama mchele.

bi_mwembeladu: Na betri jamani!! Hiyo E inaweka kila kitu kwenye RAM, chaji ikiisha kabisa vyote vinafutika. Umeme wenyewe mnaujua, mwanangu ichaji kwanza ijae ndo utoke nayo.

kijana_mkunazini: Ahsante bi mkubwa. XP nimeazima kwa jirani, vimeingia vyote alhamdulillahi. Sasa vinaendaje kwenye simu?

fundi_chake: Majina rahisi, yachague yote humo kwenye Palm Desktop, File, Export, vCard (faili la majina na nambari), hilo faili la .vcf Google Contacts inalipokea. Kalenda ndo ina kazi kidogo, inatoka .vcs na Google Calendar inataka .ics au CSV, kwa hiyo uigeuze kwanza. Miadi iliyopita miye ningeiacha tu, boti ya mwaka 2006 nani anaisubiri?

bi_mwembeladu: Na hayo madeni kaandika wapi? Kama ni kwenye Memo, sehemu ya kuandika kumbukumbu, hayatoki na vCard, yatoe peke yake kwa maandishi ya kawaida. Ami yako atayauliza hayo mwanzo kabla ya wageni 😂