Lewis na Clark walibebaje mizigo yao?

Mkaazi wa Bagamoyo: Ndugu zangu, salaam. Hapa kwetu tumezoea habari za misafara ya bara, iliyotegemea wapagazi na idhini ya watawala wa njiani. Marekani ilipoinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi mwa Mto Mississippi, kutoka Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, maofisa wa jeshi Lewis na Clark walitumwa na Rais Jefferson kuipeleleza. Je, walibebaje mizigo, na nani aliwasaidia njiani?

Baharia Mstaafu, Tanga: Mizigo ilikwenda kwa mashua, ndugu yangu. Mei 1804 walianza kuupanda Mto Missouri, wakivuta kwa kamba na kusukuma kwa pondo dhidi ya mkondo. Walipofika kwenye maporomoko makubwa mwaka 1805, iliwabidi watengeneze mikokoteni yenye magurudumu ya vipande vya magogo, wakaiburuta mitumbwi nchi kavu kwa karibu mwezi mzima, huku miba ya mpungate ikipenya viatu vyao vya ngozi. (Nani hapo angewacheka wapagazi wetu?)

Bi Mkubwa: Waliosaidia ni wenyeji. Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone aliyesafiri na mtoto mchanga, aliwakalimania walipohitaji farasi wa kuvukia milima. Chifu waliyejadiliana naye kumbe ni kaka yake.

Mkaazi wa Bagamoyo: Ahsante, Bi Mkubwa. Na wenyeji hao walishirikishwa katika mauzo?

Bi Mkubwa: Hapana, mwanangu. Mkataba ulikuwa baina ya Marekani na Ufaransa tu.