Naomba ushauri: ukomo wa asilimia 39 wa umiliki wa televisheni Marekani

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Katika tasnifu yangu kuhusu kampuni zinazonunua vituo vingi vya televisheni Marekani, nimekwama kwenye ukomo uliowekwa mwaka 2004, unaomzuia mmiliki mmoja kufikia zaidi ya asilimia 39 ya kaya zenye televisheni, ilhali kituo cha UHF, yaani chaneli ya 14 na kuendelea, huhesabiwa nusu ya kaya za soko lake (nafuu ambayo, kwa maoni yangu, imepitwa na wakati). Nimejumlisha mara mbili na majibu yanapishana, kwani kituo chaweza kuonyesha namba 5 kwenye skrini huku kikirusha matangazo kwa masafa ya UHF.

Je, nifuate namba ipi? Na vituo viwili vya mmiliki mmoja katika soko moja, kaya zake zihesabiwe mara ngapi?