WASUSI WA MAIKRORINGI, KAMA HUJUI KUZITOA USIMFUNGE MTU!!!

Wakuu na dada zangu wote habari zenu, naomba mods msiunganishe huu uzi na ule wa mitindo maana hapa hatuongelei urembo, tunaongelea watu kuharibiwa vichwa.

Panja langu la kushoto saa hizi halina nywele. Sio kwamba zimekatika tu, zimenyonyoka, ukipapasa unakuta ngozi laini tupu na vipele viwili vitatu ambavyo bado vinauma. Na msusi aliyefanya hii kazi nilivyomrudia akaniangalia usoni akaniambia "nywele zako ndo dhaifu dada." Yani nywele nimeingia nazo saluni kwake zikiwa nzima, nimetoka nazo kwenye mfuko wa nailoni, halafu dhaifu ni zangu??

Kwanza niseme hivi, mi sina ugomvi na maikroringi zenyewe. Kwa asiyezijua, ni vile vipete vidogo vya chuma, unachukua kijifungu cha nywele zako unakipitisha ndani ya pete kwa ile sindano yenye kitanzi cha waya, unachomeka ncha ngumu ya ile nywele ya kuongezea, unabana kwa plaizi mpaka pete inakuwa bapa basi. Hamna gundi, hamna moto, hamna uzi. Akifunga mtu anayejua, unakaa nazo vizuri na unatoa ukiwa na nywele zako zote. Shida ni hawa waliojifunza kwenye video za dakika tatu, na zile video zote zinaonyesha kufunga tu, kutoa hakuna anayeonyesha maana kutoa hakuleti laiki.

Tuanze na kufunga. Pete inatakiwa ikae mbali kidogo na ngozi, kama nusu sentimita mpaka sentimita moja hivi, ili ukishika lile shungi la nywele ya kuongezea uweze kulipeleka juu chini kulia kushoto bila ngozi kuinuka. Mimi zilibanwa pale pale kwenye ngozi kabisa, nikawa nasema dada inauma, dada hii inavuta, najibiwa "ikiuma ndo imeshika, kesho kutwa utazoea." UONGO. Maumivu sio dalili ya kushika vizuri, ni mzizi unalia. Usiku sikuweza kuweka kichwa kwenye mto, nikalala nimekaa, na baada ya hapo vikaanza vipele vyenye usaha kuzunguka pete za pembeni. Nikampigia, akaniambia nipake mafuta. Mafuta! Kwenye pete ambazo yeye mwenyewe anajua mafuta yakifika pale shungi linateleza linachomoka.

Halafu kuna suala la uzito ambalo wengi hawaliwazi kabisa. Shungi moja la hizi nywele huwa na uzito wa nusu gramu mpaka gramu moja, sasa kijifungu cha nywele zako kinacholibeba lazima kilingane nalo. Yeye shungi la gramu nzima analitundika kwenye vinywele vichache vya panjani, vile vyembamba kuliko vyote kichwani! Mapanja, mstari wa mbele na kisogoni chini yanaachwa, hayaguswi, kwanza ukifunga pale ukibana tu nywele juu pete zote zinaonekana. Huu upara wa kuvutwa madaktari wa ngozi wanaujua miaka na miaka, ukiuwahi ukaacha kuvuta nywele zinarudi, ukiendelea miezi na miaka mzizi unapata kovu na pale hapaoti tena maisha. Sasa mtu anakwambia utazoea.

Na hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza kama nimetoka kujifungua, kwa sababu miezi michache baada ya kujifungua wanawake wengi nywele zinapukutika zenyewe na huo sio wakati wa kuzitundikia mzigo. Hakuuliza dawa niliweka lini. Hakuuliza kama chuma kinanidhuru ngozi, na kuna watu hereni za bei rahisi tu zikigusa sikio wanatoka vipele kwa sababu ya nikeli, hao inabidi waangaliwe pete gani wanawekewa. Ameniosha kichwa, kapaka kondishona mpaka kwenye shina (ambayo haitakiwi kabisa kabla ya kufunga, pete zinateleza ndo maana akaamua kuzibana kama anafunga nati ya gari), akaanza kazi.

Akaniambia zinakaa miezi sita bila kuguswa. Jamani nywele inaota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki sita mpaka nane pete imeshashuka, inaanza kujipinda, majirani wanasokotana, pale ndo unarudi zipandishwe. Miezi sita unatafuta nini kama sio kuwa na rasta usizozipanga.

Sasa njooni kwenye KUTOA maana ndo kilichonileta hapa.

Pete ikishabanwa imekuwa bapa. Kuitoa unachukua plaizi yenyewe ya kazi hiyo, unaibana pete kwa zile kingo zake mbili, yaani upande ulio kinyume na uliobaniwa mwanzo, unasikia inalegea inarudi kuwa duara, unalivuta shungi taratibu linachomoka, pete nayo unaiteremsha mpaka itoke. Moja moja. Ni kazi ya masaa na haina njia ya mkato.

Huyu hakuwa na plaizi. Alisema msichana mwingine ameazima. Basi akashika shungi kwa mkono mmoja, akaweka kucha za kidole gumba na cha shahada juu ya pete, akaivuta pete ikiwa bado bapa vile vile. Nilisikia zile nywele zikikatika moja moja, tik tik tik, karibu kabisa na sikio langu. Pete ilipogoma akachukua mkasi akakata juu ya pete. JUU YA PETE, kwenye nywele zangu mimi! Nikainua mkono kumzuia akaniambia dada tulia nywele zinaota hizi.

Na utetezi wake sasa, maana najua kuna mtu atakuja kuuleta hapa. Eti nywele zinazotoka kwenye pete ni za kawaida. Ni kweli mtu mzima hudondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku, na ukiwa na pete zile zilizodondoka zinabaki zimenasa mle ndani, kwa hiyo siku ya kutoa lazima kuwe na bonge la nywele na wanaotoa mara ya kwanza huwa wanashtuka bure. Lakini zilizodondoka zenyewe zinatoka bila maumivu, unazichambua kwa vidole zinakuja. Hazitoki na machozi, haziachi vidoti vya damu, haziwi vipande vifupi vifupi vilivyokatika katikati. Usichukue ukweli ukaufanya shuka la kufunikia uzembe wako.

Kama haitoshi, bado zimesokotana akanipeleka moja kwa moja kwenye sinki akanimwagia shampuu. Nywele zilizonasa hazijachanwa, zikalowa, zikashikana zikawa donge. Kabla ya maji unachambua kwanza kwa vidole, unapaka mafuta au kondishona kwenye fundo, chanuo la meno mapana kuanzia nchani kupanda juu, ndo unaosha. Hili hata mtoto anayejifunza kusuka anafundishwa siku za mwanzo. Donge nalo likaishia kwenye mkasi.

Nikakimbilia saluni ya pili wanimalizie za nyuma, wakasema hawagusi kazi ya mtu mwingine. Naelewa wanaogopa lawama, ila mteja mwenye pete nusu kichwa aende wapi? Kuna mdada pale alinionea huruma akanitoa zilizobaki kwa plaizi yake mwenyewe, hata moja haikuniuma, na kisogo changu kiko salama mpaka leo. Pete zile zile, kichwa kile kile dhaifu!

APDETI: Naona mnauliza kama mtu anaweza kujitoa mwenyewe nyumbani. Za mbele unazoziona kwenye kioo unaweza ukiwa na plaizi sahihi, za nyuma mtafute mtu. Anayeuliza kuhusu kipimo cha MRI, hizo pete ni chuma, waambie wahudumu kabla hujaingia kwenye ile mashine hata kama hawajakuuliza. Na wewe uliyesema zako zinauma tangu jana usipake kitu, rudi leo hii zilegezwe au zitolewe, na akianza kuvuta kwa mkono nyanyuka kwenye kiti hata kama zimebaki nusu.

APDETI 2: Mwenye saluni kanipigia baada ya mtu kumtumia huu uzi. Hajaomba samahani. Amesema nije anifungie nyingine bure panjani ili pazibe pasionekane. Yani kidonda anataka kukining'inizia mzigo tena! Nimemjibu nataka vitu viwili, arudishe hela yangu niende kwa daktari wa ngozi, na ile picha yangu ya siku ya kwanza ambayo mpaka muda huu anaitangazia biashara kwenye ukurasa wake aifute. Ameisoma meseji, hajajibu, na picha bado ipo.