Paka wangu anapata degedege, yawezekana ni sumu ya madini ya risasi (lead)?

Jamani naombeni msaada, paka wangu jana kaanguka ghafla, miguu inapiga piga, mate yanatoka, baadae akawa kama hanijui. Tulikua tunakwangua rangi ya zamani ukutani na vumbi lilimjaa manyoya, akawa anajilamba tu. Inahusiana?

Jibu: Pole sana. Inawezekana kabisa, rangi za zamani nyingi zina risasi, na paka akijilamba anaimeza. Kwani anatapika au kagoma kula? Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo apimwe kiwango cha risasi kwenye damu, dawa za kuitoa mwilini zipo.

Jibu: Dawa ya viroboto ya mbwa je, hamkumpaka? Ile yenye permethrini (kemikali ya kuua wadudu) nayo inaleta degedege kwa paka.

Muuliza: Hapana, hatujampaka. Ila hajala tangu juzi, natoka nae saa hizi.

Jibu: Mrekodi video degedege ikirudi, usimtie mkono mdomoni, ikizidi dakika 5 ni dharura.