Nodi ya Bitcoin nyumbani na waleti ya kifaa: Raspberry Pi, laptopu used au mini PC?

bandari_salama
Wakuu habari za saa hizi. Nataka kusimamisha nodi yangu ya Bitcoin (kompyuta inayohakiki miamala yote yenyewe) hapa home, Dar, niiunganishe na waleti ya kifaa (kidude kinachotunza ufunguo wa koini), sitaki tena koini zangu zikae kwenye eksichenji ya watu maana siku wakisimamisha kutoa pesa huna la kufanya. Nimebaki na machaguo matatu: Raspberry Pi 5 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye Umbrel (mfumo wa kuendesha nodi), laptopu used niweke Bitcoin Core (programu yenyewe ya nodi), au mini PC. Waleti niko kati ya Trezor, Ledger na Coldcard. Fiba ninayo ila ina kikomo cha matumizi, na umeme ndo huu wetu mnaujua. Mnashauri nini?

fundi_saketi
Mkuu chukua laptopu. Pi ni kifaa kizuri sana ila haina betri, umeme ukikatika wakati Core inaandika kwenye chainstate (orodha ya koini zote ambazo hazijatumika) inaweza kuharibika af unaanza kuhakiki upya, na hiyo si kazi ya saa moja. Laptopu inakaa na betri yake mpaka uizime vizuri (hakikisha tu betri haijafa, used nyingi zinauzwa betri imekwisha). Tafuta yenye RAM GB 8, toa HDD weka SSD ya TB 2, blokicheni (daftari la miamala yote) imeshapita GB 600 na kila siku inaongezeka kwa hiyo TB 1 itakubana mapema. Wakati wa kusinki mara ya kwanza (kupakua na kuhakiki blokicheni) andika dbcache=4000 (MB za RAM) kwenye bitcoin.conf, faili la mipangilio, ikimaliza ishushe. HDD usiiguse kabisa kwa kazi hii.

dada_seva
Kwa laptopu nakubali, ila TB 2 si lazima kwa kila mtu jamani. Kama waleti yako ni mpya na unachotaka ni kuhakiki pesa zako mwenyewe, weka prune=10000, nodi itapakua kila kitu, itahakiki kila bloku, halafu inafuta mabloku ya zamani inabakiza kama GB 10 tu ya mabloku. SSD ya GB 256 inatosha. Shida inakuja ukileta waleti ya zamani yenye miamala ya miaka ya nyuma, nodi haiwezi kurudi kuyasoma mabloku iliyokwishayafuta. Na Electrs (seva ya kutafutia anwani) haifanyi kazi na nodi iliyopunguzwa, kwa hiyo ukitaka Umbrel na mapambo yake yote rudi kwa TB 2. Mini PC ni nzuri na ina nguvu, ila ongeza gharama ya UPS hapo.

Kwa kikomo cha fiba: weka listen=0, wageni hawataingia kuvuta mabloku kwako.

mwanapwani_001
Mimi niko Mombasa, naongelea waleti maana nodi mshaimaliza. Watu wanachanganya hivi vitu viwili. Waleti inatunza ufunguo, nodi inakuhakikishia salio na kukuficha. Ukitumia Trezor na programu ya kampuni bila kubadilisha chochote, ile xpub yako (ufunguo wa umma unaozalisha anwani zako) inaenda kwenye seva zao, yaani wanaweza kuona anwani zako zote, za jana na za kesho. Ndo maana unaweka Sparrow (programu ya waleti) kwenye laptopu, unaielekeza kwenye Core yako. Angalia kona ya chini kulia: rangi ya njano ni seva ya umma, kijani ni Core yako. Ukiona njano bado uko kwa watu.

Ledger siishauri. 2020 majina na anwani za nyumbani za wateja zaidi ya 270,000 zilimwagwa mtandaoni, baadaye matapeli wakawa wanawatumia watu vifaa feki kwa posta. Trezor Safe 3 kwa anayeanza, programu yake iko wazi. Coldcard kama uko tayari kusaini kwa microSD bila kuchomeka waya kwenye kompyuta. Yoyote ile nunua kwa mtengenezaji, sio kwa mtu wa mtandaoni mwenye "ofa".

bandari_salama
Asanteni sana wakuu, nimeelemea kwenye laptopu na Safe 3. Swali, kuna jamaa ana nodi kamili, anikopie folda lake lote niokoe bando?

fundi_saketi
Folda lote hapana! Ukichukua chainstate yake umeamini hesabu yake, sasa nodi ya nini? Chukua mafaili ya blk (mabloku yenyewe) tu ndani ya blocks, pamoja na xor.dat (ufunguo wa kuyasoma hayo mafaili) kama ipo, halafu washa Core na -reindex. Mashine yako itahakiki yenyewe kuanzia bloku ya kwanza 2009, bando umeokoa.

dada_seva
Na kabla hujatuma pesa yoyote ya maana: andika kwa kalamu yale maneno ya siri ambayo waleti inakupa ya kurudishia koini zako, usipige picha. Nakili anwani ya kwanza ya kupokelea. Futa kifaa chote, kirudishe kwa yale maneno uliyoandika, fungua tena Sparrow ulinganishe anwani, na uisome kwenye skrini ya kifaa chenyewe maana ya kompyuta inaweza kubadilishwa na virusi. Zikitofautiana hata herufi moja usitume kitu, tengeneza waleti mpya na uandike maneno upya.