Mteja anayumba akisimama mguu mmoja, nimpe vyuma au nisubiri?

Kocha Mchanga: Wakuu, shikamooni. Nina miezi minne nafundisha jimu hapa Dar. Jana nimepokea mama wa miaka 63, anataka kupungua na kupata nguvu ya miguu. Nikamwambia achuchumae mikono ikiwa juu: visigino vikanyanyuka, magoti yakaingia ndani, mikono ikaja mbele. Mguu wa kulia kasimama vizuri, wa kushoto sekunde nne tu akadaka bega langu. Anasema haumwi popote. Bosi anasema nimpe vyuma, atazoea. Nifanyeje?

Chuma Chakavu: Hongera kwa kumwangalia kwanza, wengi wetu tunaanza kumrusharusha mtu siku hiyohiyo. Mvue viatu, raba za soli nene zinadanganya. Kisha weka sahani za vyuma za kilo 2.5 chini ya visigino, achuchumae tena. Akishuka vizuri, vifundo vya miguu ndivyo vimekaza. Magoti yakizidi kuingia ndani, hamia kwenye nyonga na makalio.

Mzee wa Kachumbari: Mnapima nini? Mama zetu wanabeba ndoo kichwani na hawayumbi.

Chuma Chakavu: Ndoo kaanza kubeba utotoni mzee. Hivyo vyuma kaviona jana.

Dada Fizio: Mdogo wangu, acha vyuma kwanza. Msimamishe karibu na ukuta, unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Asipofikisha sekunde 10, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Halafu kiti: mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni pungufu. Na muulize: ameshawahi kuanguka? Anatumia dawa gani? Miguu inapata ganzi?

Kocha Mchanga: Mrejesho wakuu. Unyayo mbele ya unyayo, sekunde 7. Kiti, mara 9. Nilipomuuliza ganzi akacheka, eti ndala ya kushoto humchomoka njiani, anashtukia keshaiacha nyuma hatua kadhaa.

Dada Fizio: Hiyo ndala ndiyo habari yenyewe. Aende hospitali wiki hii apimwe sukari na hisia za nyayo. Vifundo kukaza tu hakumfanyi mtu aache ndala bila kujua.

Kocha Mchanga: Sawa dada. Bosi nimwambieje?

Mzee wa Kachumbari: Mwambie asubiri. Kijana, nisamehe ile ya ndoo.